Hildegardi na wachumaji wa mbalamwezi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, ukungu bado umelalia mteremko wa Maguu, milimani Mbinga, na Hildegardi Kapinga yuko mstari wa tatu kutoka chini. Ndoo imefungwa kiunoni kwa kipande cha kitenge. Mikono yake inachuma bila kusubiri macho: nyekundu inaingia kwenye ndoo, ya kijani inabaki mtini.

Juu yake, wanawake ishirini na watatu kutoka Liuli, kando ya ziwa, wameenea katikati ya mibuni. Unawatambua kwa mavazi, sweta juu ya sweta, na mmoja amevaa koti la mvua ambalo mumewe huenda nalo ziwani. Julai ya Maguu si mchezo kwa mtu aliyezoea mchanga wa moto.

"Mama, huku kwenu Mungu alisahau kuleta jua!" anapaza sauti Siwema, kiongozi wao, mwenye umri wa miaka thelathini na minane.

"Alilileta, mkalimaliza nyie huko chini," anajibu Hildegardi.

Wanawake wanacheka mteremko mzima. Hildegardi anacheka kidogo tu, kisha anatazama mistari iliyobaki. Saa nane mchana lori linawarudisha ziwani, na shamba la chini bado lina wekundu mwingi kuliko anavyopenda.

Hawezi kuwabakiza. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazina maana kukiwa na mbalamwezi, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa ngarawa hupumzika na vichanja vya kuanikia hukaa vitupu. Siku hizo ndizo wanawake wa Liuli hupanda mlimani kuchuma kahawa. Sasa mwezi umeanza kupungua na unachelewa kutoka. Jana mume wa Siwema alipiga simu: leo jioni wanaingia majini.

Kwa Hildegardi, mwenye miaka sitini na miwili, siku ya leo ina uzito wa pekee. Kahawa ya shamba la chini ikikaukia mtini tena mwaka huu, mibuni yake mia nne itakatwa na kupandwa milingoti, mikaratusi ya mbao. Ndivyo ukoo ulivyoamua, na yeye mwenyewe alikubali.

Zamani hakuna aliyewaza kwamba Maguu ingekosa wachumaji. Hildegardi aliolewa hapa mwaka 1983, na jambo la kwanza analolikumbuka ni sauti ya mama mkwe wake, Margareta, akiwa amesimama juu ya jiwe lililo mwanzo wa shamba.

"Hakutaja jina la mtu," anasimulia. "Alipaza sauti mara tatu tu, kwamba kesho ni kwa Margareta. Kulipokucha, ukihesabu vichwa unapata arobaini. Wengine hata hujui wametokea kilima gani."

Hiyo ndiyo ngokela ya Wamatengo, leo kwangu, kesho kwako. Hakuna aliyelipwa. Ulikula ukashiba, wazee wakapata pombe yao, na zamu ya mwenzako ilipofika ulikwenda na mikono yako. Watu walichuma kahawa hivyo, na wakalima hivyo ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yanayozuia maji kukimbia na udongo.

"Tuliimba kwa mistari. Mstari wa juu unaanzisha, wa chini unaitikia. Ukichelewa kwenye mbuni wako unaimbwa wewe, kwa jina lako, mpaka uone haya." Anatabasamu. "Mimi niliimbwa sana mwaka ule wa kwanza. Nilikuwa mzembe, na bibi harusi haruhusiwi kununa."

Anakumbuka harufu ya kahawa iliyokobolewa ikichacha ndani ya mapipa. Hata leo akiinusa anamwona mumewe, Erasmo, amekunja suruali hadi magotini, anaikoroga kwa mti, anajifanya haoni kwamba mkewe anamtazama. Akifika hapo, Hildegardi anavuta tawi jingine na kuendelea kuchuma.

Halafu bei ikaanguka. Anasema ulifika msimu ambao kilo ya kahawa kavu haikutosha kununua kilo ya sukari. Majirani walikata mibuni na kupanda mahindi, vijana wakatafuta maisha kwingine, na jiwe la Margareta likabaki la kuotea jua mijusi. Erasmo alifariki mwaka 2009, miaka michache baada ya kupanda ile mia nne ya shamba la chini. Aliamini bei itarudi.

"Watu walisema nimelogwa na miti," anasema mjane huyo. "Sikulogwa. Nilikuwa nikishika panga naona alama za vidole vyake kwenye udongo. Nitaanzia wapi kukata?"

Bei imerudi. Msimu uliopita aliuza kilo kwa zaidi ya shilingi elfu saba, na Mbinga mjini maduka ya bati yamechangamka. Lakini uchumi uliporudi haukuja na watu wake. Vijana wako kwenye makaa ya mawe, kwenye bodaboda na kwenye malori. Mwanawe wa pekee, Joakim, ni dereva wa lori la makaa.

"Simlaumu. Mtu anayelipwa kila mwezi atakuja kuniimbia mimi?"

Miaka miwili iliyopita, theluthi ya kahawa yake ilikaukia mtini, nyeusi kama mavi ya mbuzi. Ukoo ukaketi sengu, kile kikao cha Wamatengo ambacho watu hula chungu kimoja kabla ya kuambiana ukweli. Aliyesema ukweli siku hiyo alikuwa shemeji yake Bernadi, mdogo wa Erasmo, mwenye miaka sitini na minane.

"Shemeji, milingoti haichumwi," alisema.

Hildegardi aliomba misimu miwili, akapewa. Kesho yake Bernadi alishuka shamba la chini na kufunga kamba ya katani kwenye kila mbuni wa mstari wa mwisho, ule ambao panga lingeanza nao. Kamba hizo zipo mpaka leo. Hildegardi amezikuta kila asubuhi na hajafungua hata moja.

"Mimi si adui wa kahawa," Bernadi anasema akiwa ameketi barazani kwake, ng'ambo ya bonde. "Yangu niliikata kwa mkono wangu, na nililia. Nyumba yangu ina vyumba viwili havilalwi na mtu. Sikutaka na shemeji alie uzeeni akitazama mali inaoza."

Ndipo Hildegardi akakumbuka wanawake wa ziwani. Alipokuwa msichana, walipanda mlima kwa miguu na vikapu vya samaki wakavu kichwani, wakabadilishana kwa maharage na mahindi, wakalala siku mbili jikoni kwa mama yake. Hajui walikoma lini kuja. Anachojua ni kwamba siku moja kulikuwa na samaki wa dukani.

Akapanda gari mpaka Mbinga, akashuka Mbamba Bay, akafika Liuli na mfuko wa maharage ili asiende mikono mitupu. Pwani ya ziwa ilikuwa inachemka. Usipa ulikuwa mwingi, kila mwanamke ameinamia kichanja, na hakuna hata mmoja aliyemwinulia macho. Alizunguka tangu asubuhi hadi adhuhuri akieleza habari za kahawa kwa migongo ya watu.

Siwema ndiye aliyemwonea huruma. "Shikamoo mama. Naona umetoka mbali."

"Marahaba mwanangu. Natafuta watu wa kuchuma kahawa."

"Sasa mbona umekuja na giza? Rudi na mbalamwezi, utatupata wote tumekaa tunasukana nywele."

Hildegardi anacheka mpaka anashika ubavu anapolisimulia hilo. "Miaka sitini duniani, sijawahi kujua kwamba huko chini watu hula kwa giza!"

Mwaka jana mbalamwezi ikaja nao kumi na mmoja. Siku ya kwanza walifanya kazi kwa kasi ya kutisha. Walishika tawi juu, wakakwanyua mpaka chini, mbivu na mbichi na majani, kama mtu anayekung'uta wavu. Jioni, kwenye mtambo wa kukobolea, magunia matatu yalikataliwa.

"Nilienda nyuma ya nyumba nikalia," anakiri. "Nikifoka wanaondoka. Nikinyamaza naangamia."

Hakufoka wala hakunyamaza. Alimwaga gunia moja juu ya mkeka, akamwita Siwema. "Mwanangu, huu ni usipa. Una mchanga, una konokono, una dagaa waliooza. Uchague."

Kabla ugali haujaiva, magunia yote matatu yalikuwa yamechaguliwa. "Vidole vyetu vimezoea vitu vidogo," anasema Siwema. "Tuliona aibu tu. Mtu angetuambia mapema kwamba ni kazi ile ile, ila samaki wako mtini!" Tangu siku hiyo hakuna gunia lililorudishwa.

Mwaka huu wamekuja ishirini na watatu, kwa shilingi elfu mbili kwa kila ndoo, pamoja na chakula. Wanalala sebuleni na kwenye ghala la zamani. Wamekuja na unga wao wa muhogo, kwa sababu ugali wa mahindi wanausema kwamba hauna mshiko, na Hildegardi anausema wa kwao kwamba unafaa kuzibia ngarawa. Jumapili walikwenda wote kanisani kwa Wakatoliki, Waanglikana hao wakaimba alto kwa nguvu mpaka mwalimu wa kwaya akageuka. Jioni, wakichagua kahawa, huimba nyimbo zao za vichanja. Hildegardi hajui maneno ya Kinyasa, lakini anaitikia.

"Nyumba ilikuwa imenyamaza miaka kumi na sita," anasema. "Sikujua kwamba nimechoka na ukimya kuliko na kazi."

Kati ya mwezi na mwezi, kahawa haisubiri. Siku hizo anachuma peke yake, na mwaka huu amemudu shamba la juu. La chini limengoja leo.

Saa nane, lori linapiga honi barabarani. Mibuni sitini na mmoja bado ni myekundu, na mstari wa kamba za katani wote uko humo.

"Mama, nibaki na wawili?" anauliza Siwema akiwa ameshafungasha. "Kesho tutapanda basi."

"Na usipa wako nani ataanika? Samaki naye hangoji mtu. Nendeni, msije mkaniachia laana za waume zenu."

Wanapeana mikono mmoja mmoja. Lori linapotea kwenye kona na Hildegardi anabaki amesimama na ndoo yake. Anapiga simu kwa majirani wawili. Mmoja ana kahawa yake mwenyewe, mwingine hapatikani.

Anavua ndoo. Anapanda mteremko taratibu, anapumzika mara mbili, anafika kwenye jiwe la mama mkwe wake. Anajaribu kupaza sauti, na sauti inakatika. Anakohoa, anaanza upya. Kwa Kimatengo, mara tatu, anasema kwamba leo ni kwa Hildegardi.

Bonde halijibu. Jogoo mmoja anawika mahali fulani, basi.

Anarudi kuchuma. Amemaliza mibuni minne anaposikia mtu akikohoa. Ni Rosina, jirani mwenye miaka sabini na moja, na kikapu ambacho hakijashika kahawa tangu wajukuu wake hawajazaliwa. "Nilidhani ni Margareta amefufuka," anasema, na kuanza kuchuma. Baada yake wanakuja wazee wawili na fimbo zao, kisha mke wa katekista, kisha wengine. Wako saba, na hakuna hata mmoja mwenye haraka mwilini. Rosina anaanzisha wimbo, wanaimba nusu, wanasahau nusu, wanalaumiana kwa hiyo iliyosahauliwa.

Wa nane anashuka saa kumi. Ni Bernadi, na ndoo mkononi.

Hamsalimu shemeji yake. Anasimama kwenye mstari wa mwisho, anageuza ndoo huku na huku, anapapasa mifuko. Amekuja bila kamba ya kuifungia kiunoni. Anaangalia mbuni ulio mbele yake kwa muda mrefu. Kisha anapiga goti, anafungua katani aliyoifunga mwenyewe miaka miwili iliyopita, anaipitisha kwenye mshikio wa ndoo, na kuifunga kiunoni.

Wimbo unakatika. Hildegardi anageuza uso upande wa mti.

"Mnaniangalia nini?" anasema Bernadi. "Imbeni."

Giza linaingia mibuni kumi na minne ikiwa bado. Wazee wananyoosha migongo na kurudi makwao, kila mmoja na ahadi ya maharage. "Hiyo kumi na minne nitaimaliza mimi kesho," Bernadi anasema akiondoka. "Na usipande tena kwenye lile jiwe, utaanguka. Nina masikio."

Saa moja jioni simu inalia. Ni Siwema, lori limefika Mbamba Bay.

"Mama, umemaliza?"

"Bado kumi na minne."

"Uwii! Na nani anachuma?"

"Bernadi."

"Yule wa milingoti?"

"Huyo huyo," anasema Hildegardi. "Sasa sikiliza, mwanangu. Mwezi ukirudi mje thelathini. Wengine watalala kwake. Ana vyumba viwili vitupu, na bado hajui."