Hati ya Uhai ya Kaka Nassor

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya pensheni mtaani Ruwi, mkuu wa masjala, yaani chumba cha mafaili, alinikabidhi rundo la hati za uhai akaniambia, "Zuwena, hawa wote wazima. Ukikosea faili moja, umeua mtu." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Hati ya uhai ni karatasi ambayo mstaafu huitia sahihi kila mwaka ili ijulikane bado yu hai. Asipoitia, pensheni husimama. Kutoka masjala nilihamishiwa dirisha la wajane, kisha meza ya mafao, chini ya mhasibu mkuu asiyependa karani anayebabaika. "Kama hujui, sema hujui," alikuwa akinikemea, "mtu arudi kesho." Niliifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na nilijiona naijua kuliko jiko langu.

Basi ikatoka habari ya kodi ya mapato. Sisi wa nchi hii ya Kiarabu hatukuzoea kukatwa kodi kwenye mshahara, seuze pensheni. Simu yangu hapa Ansab haikupumzika. Wastaafu wenzangu walinitumia sauti za watu wasiojulikana, huyu anasema tutakatwa sote, huyu anasema matajiri tu. Sheria yenyewe inawalenga wenye mapato makubwa, na pensheni zetu hazifiki hata karibu. Nilisoma hivyo mara tatu, na bado nikawa na khofu.

Siku hizo hizo akanipigia kaka yangu Nassor, anayeishi Qurayyat na hana pato jingine ila pensheni.

"Wameniletea hati ya uhai," akasema. "Safari hii wanataka na namba ya benki. Nnaogopa isije ikawa ndo wananiandikisha kodi. Nitie sahihi?"

Swali la hati ya uhai nilikuwa nikilijibu kila siku kazini. Lakini nikasema, "Usitie kwanza, kaka. Ngoja niulize."

Nikauliza huku na huku, kila mtu ana lake, nami nikaona haya kumwambia kaka kuwa sijui. Muda ukapita. Pensheni yake ikasimama, akauza mbuzi wake wawili bila kuniambia. Nilipopata habari nikamfuata kwake. Tukaenda ofisini pamoja.

Karani, binti anayesema Kiswahili kama sisi, akafungua faili. "Babu, mbona hukutia sahihi?"

Kaka hakunitazama. "Nnasahau, mwanangu. Uzee."

Kaka Nassor hasahau kitu. Anakumbuka majina ya walimu wake wote wa Unguja. Lakini binti akaanza kuandika, na nilijua anaandika nini. Mstaafu aliyepoteza kumbukumbu hakabidhiwi tena pensheni yake mwenyewe, hutafutiwa msimamizi. Wengi niliwaandika hivyo kwa mkono wangu.

"Futa, mwanangu," nikasema. "Huyu hasahau. Mimi ndo nilomkataza."

"Zuwena, nyamaza," kaka akaninong'oneza.

"Na wewe, bibi, nani alokwambia asitie?" binti akauliza.

"Hapana mtu. Nilikhofu tu. Na mimi nilikuwa karani wa pensheni, ofisi hii hii."

Binti akanikodolea macho. Kisha akaukata mstari aliouandika, akaniuliza jina langu aliweke kwenye faili badala yake, kuwa ndiye niliyemkataza kaka. Nikalitaja lote, mpaka la babu.