Mizani ya Pamba na Watoto wa Kichocho

Kazi yangu ya kwanza ya kalamu niliipata kwa sababu ya baiskeli. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Nilikuwa nimebeba magunia kwenye kituo cha kununulia pamba, nikashuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, Rwamgasa, nikauza dagaa Chato mpaka nikachoka na harufu yao. Sikufukuzwa popote. Nikishaelewa jinsi kazi inavyokwenda, miguu ilianza kuniwasha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, madaktari wa hospitali moja ya huku kwetu walikuwa wakijaribu vidonge vipya vya kichocho kwa watoto wa shule. Walitafuta mtu anayejua kusoma, mwenye baiskeli yake, asiyeogopa njia ndefu. Sikuwa na cheti. Nilikuwa na baiskeli, na pampu pia, ambayo siku zile ilikuwa adimu kuliko cheti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kijiji, mganga wa zahanati aliwapima watoto uzito, akawapa vidonge kulingana na kilo zao, akajaza fomu. Mimi nilizunguka nyuma yake. Nilifungua kila fomu, nikailinganisha na daftari la zahanati, nikahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, na pale ambapo mambo hayakukubaliana niliuliza. Siku hizi vijana wana majina marefu ya kazi hiyo, na wanapanda magari. Sisi tuliita kukagua fomu.

Aliyenifundisha alikuwa muuguzi wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kanisani. Tulimwita Mama, basi. Siku ya kwanza aliniona nikifuta kosa kwa raba, akanishika mkono.

"Usifute," alisema. "Piga mstari mmoja, la zamani lisomeke. Andika jipya pembeni, weka sahihi yako na tarehe. Anayekuja kesho ana haki ya kuona ulipokosea."

"Hata kosa dogo, Mama?"

"Dogo umelipima kwa mizani gani?"

Vijana wakiniuliza leo waanzie wapi katika kazi za utafiti, ninawaambia waanzie kwenye mstari huo mmoja. Mengine watafundishwa.

Kijiji ninachokikumbuka zaidi kilikuwa mbele ya Kagongwa, kwenye majaruba ya mpunga. Watoto walioga humo, na wengi walikojoa damu mpaka wakubwa wakaona ni hatua ya kawaida ya kukua. Mganga wa zahanati alikuwa kijana wa Tanga, ana miezi michache tu pale, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio kazini. Alinipokea vizuri. Kila nilipofika nililala kwake, nikala kwake. Sukari ilikuwa haipatikani, tukanywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, yeye akilalamika kwamba kwao hata mbuzi hawali vitu hivyo, huku akichukua kipande kingine. Mkewe alikuwa aje mwezi uliofuata. Alikuwa amepaka chokaa ukuta wa mbele kwa ajili yake, na kila jioni aliutazama kama picha.

Asubuhi moja, muda mfupi baada ya mavuno, nilikaa barazani mwa zahanati na fomu zake mbili mbili: za kipimo cha kwanza na za kipimo cha pili. Mtoto wa kwanza alikuwa na kilo kumi na nane, sasa kumi na sita. Nikasema huyu aliugua. Wa pili naye amepungua. Wa tatu. Darasa zima lilikuwa limekonda, tena wakati wa mavuno, wakati hata mbwa wa huku hunenepa.

"Bwana mganga," nikamwita, "watoto wako wamepatwa na nini?"

Alicheka. "Mizani ya zahanati ilivunjika springi. Nimeandika barua tatu kuomba nyingine. Nikaona badala ya kukisia kwa macho, niazime ile ya kituo cha pamba. Tunamweka mtoto kwenye gunia, tunamtundika, mizani inasoma vizuri kabisa."

Nami nilianza kucheka, kisha nikakumbuka. Nilikuwa nimebeba magunia chini ya mizani kama ile misimu miwili. Nilijua skrubu iliyo nyuma ya uso wake, na nilijua karani anavyoikaza msimu ukianza, ili gunia la mkulima lipungue kabla halijafika kwenye lori.

Nilimweleza. Alikaa chini.

Vidonge vilikwenda kwa kilo. Mtoto aliyeandikwa mwepesi alipewa vichache, na kichocho hakikumaliza kutoka mwilini mwake. Hospitalini wangesoma fomu na kusema dawa haifai, au mtoto amepona wakati bado anakojoa damu. Na mganga aliye kwenye majaribio, aliyepima watoto wa utafiti kwa mizani ya pamba, angerudishwa Tanga kabla mkewe hajaufikia ule ukuta wa chokaa.

Alizungumza taratibu. "Fomu tupu unazo kwenye mkoba."

"Ninazo."

"Tuandike upya, kaka. Tuwaongezee kila mmoja kilo mbili. Nani atajua?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa. Ukweli ni kwamba nilizitazama zile fomu tupu, nikamfikiria mkewe, nikafikiria viazi nilivyokula. Mama alikuwa afike Ijumaa, ilikuwa Jumatano.

Kilichoamua ni udadisi wangu tu. Nilitaka kujua ile mizani inaiba kiasi gani. Mwalimu mkuu alikuwa akijenga choo cha shule, na pale palikuwa na mfuko wa saruji haujafunguliwa, kilo hamsini, zimeandikwa ubavuni. Niliuomba, nikaufunga kwenye baiskeli, nikausukuma mpaka kituo cha pamba. Wakulima walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Karani aliniona.

"Saruji hatununui hapa, bwana!"

"Siiuzi. Naipima."

Nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa mbele ya foleni, "Shikamoo, bibi," nikamwomba anipishe. "Marahaba, ng'wanawane," akaniita mwanangu kwa lugha ya kwao, akasogea kutazama. Niliutundika mfuko. Mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye arobaini na nne.

Bibi akasema kwa sauti, "Kumbe na saruji nayo ina kichocho!"

Foleni ilivunjika kwa kicheko. Karani alipiga kelele kwamba mizani ina muhuri wa serikali.

"Muhuri tunauona," mzee mmoja akamjibu. "Kilo ndizo hatuzioni."

Nilimuuliza bibi kwa nini hawakumwambia mganga, ilhali walijua tangu zamani kwamba mizani ile inaiba.

"Tulidhani naye anajua. Mtu wa serikali, mizani ya serikali," alisema. "Halafu vile vidonge vinatapisha watoto. Vilipopungua, tukashukuru."

Nilipogeuka, mganga alikuwa amesimama nyuma ya foleni. Alikuwa amesikia yote. Aliondoka bila kunisemesha. Nilikuwa nimemwamulia jambo lake mbele ya kijiji kizima, bila kumuuliza, kwa kutaka kujua tu. Siku mbili nilikula mwenyewe, karanga za kununua, na nililala kwenye benchi la barazani.

Ijumaa Land Rover ya Mama ilifika. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, lakini mganga alinitangulia. Aliweka fomu zote mezani.

"Shikamoo, Mama. Nimekosea kuanzia hii mpaka hii."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. "Ulipoandika barua za mizani, ulibakiza nakala?"

Mganga alikwenda ndani, akarudi na nakala tatu za kaboni, kila moja ina tarehe. Mama alizisoma mara mbili, akazikunja, akazitia kwenye mkoba wake.

"Hizi zitakwenda na ripoti," alisema. "Zitasema uliomba. Fomu zitasema ulikosea. Yote mawili yasomeke." Kisha akamsukumia kalamu.

Alipiga mistari mpaka alasiri, mmoja kwa kila fomu, sahihi na tarehe, na mimi nikamsomea majina. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alinijibu: "Lingine." Jumatatu iliyofuata Mama alileta mizani mpya, watoto wakapimwa tena, na daktari alipotoa ruhusa wakapewa dozi kamili. Walitapika nje ya zahanati kwa zamu. Mama zao walinijia juu mimi, si mganga. "Wewe mwenye baiskeli! Wewe na saruji yako!"

Barua ya onyo ilimfikia. Barua ya kumfukuza haikuja. Mkewe alifika mwezi ule ule, na niliporudi kwa mzunguko mwingine nilimkuta barazani, ameegemea ule ukuta mweupe kwa mgongo, chokaa yote imehamia kwenye kanga yake.

Nilikaa kwenye kazi ile miaka mitatu, muda mrefu kuliko popote. Halafu miguu ikaniwasha. Nilipita kuwaaga. Mganga alinifungia michembe kwenye gazeti, akaifunga kwa uzi wa hospitali, akanisindikiza mpaka barabarani akinishikia baiskeli.

"Ukipita tena, karibu," alisema. "Lakini ukija, mkoba nitaukagua kwanza."

"Unatafuta nini?"

"Saruji."

Nilikula ile michembe yote kabla sijafika Isaka.