Kazi ya Dresa

Kosa ni langu, na sitazunguka. Mwaka 1956 pale Kihesa mimi Yunusu nilijulikana kwa Kiingereza changu cha darasa la sita, nami nilitembea nacho kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Mwantumu, tuliyemwita Mama Bibie, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Bwana Harilal mjini Iringa. Mumewe alikuwa amefariki, watoto watatu walimtazama yeye tu, na tangu nguo zilizoshonwa tayari zianze kuletwa kutoka Dar es Salaam, wateja walipita wakimsalimia na kwenda zao. Siku moja alinunua sukari, ikafungwa kwa kipande cha gazeti. Akaniletea kile kipande.

"Yunusu mwanangu, hapa pameandikwa nini? Naona kama jina la Mbeya."

Lilikuwa tangazo la kazi, kwa Kiingereza. Hospitali moja ya Mbeya ilitaka "dresser", mwanamke, mwenye mikono myepesi.

"Mama Bibie, dress ni gauni," nikamwambia. "Dresser atakuwa nani kama si mshona magauni? Wauguzi si wanavaa magauni? Wewe huyo!"

Kweli dress ni gauni. Lakini mtu wa kufunga vidonda sisi tulimwita daktari, kama tulivyomwita kila aliyevaa nyeupe, na kichwa changu kigumu hakikuwahi kuuliza Waingereza wanamwitaje.

Akamwachia Rozalia, fundi mwenzake aliyekuwa hana pa kushonea, nafasi yake barazani. Watoto akawaacha kwa jirani, akapanda basi na cherehani yake ya mkono mapajani. Nilimpungia mkono nikijiona mtu mkubwa.

Alirudi baada ya siku nne, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Kule walimwingiza katika chumba alimolala mzee mwenye kidonda mguuni, wakamkabidhi bandeji. Yeye akauliza kitambaa kiko wapi, na nani apimwe. Walicheka mpaka mgonjwa naye akacheka. Karani mmoja akamhurumia, akamweleza kuwa Waingereza walilipata neno hilo zamani kwa Wafaransa, na mwanzoni maana yake ilikuwa kunyoosha, kuweka sawa. Ukikiweka sawa kidonda, ni dress. Ukijiweka sawa kwa nguo, ni dress vilevile. Gauni lilikuja nyuma kabisa.

"Alinieleza vizuri sana," Mama Bibie akaniambia. "Kisha akanionyesha mlango. Neno la kunyoosha, Yunusu, mbona mimi limenipinda?"

Tulikwenda pamoja kwa Bwana Harilal. Nilimwomba, nikajilaumu, nikapiga magoti mbele ya wateja. Alisema nafasi sasa ni ya Rozalia, na Rozalia naye ana watoto. Rozalia hakuinua macho kutoka kwenye mshono wake.

Nje, Mama Bibie akaitua cherehani chini. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, maana nilikuwa naungua moyoni na sikuwa na pa kujificha. Badala yake akatoa kile kipande cha gazeti, kimelegea kwa kukunjwakunjwa, akakigeuza upande wa pili.

"Na huku, mwanangu, pameandikwa nini?"

Palikuwa na tangazo jingine la kazi. Maneno yote niliyajua, au nilidhani nayajua. Nikamwambia sijui.