Kijapani Changu cha Sinki

Chekeni tu, nimeshazoea. Naosha vyombo kwenye mkahawa wa Kijapani hapa Croydon, ughaibuni, masikioni nyimbo mpya za Kijapani zinazovuma, naelea na povu kama niko mawinguni. Nimezihifadhi zote kichwani. Basi mhudumu wetu Mjapani alipougua, meneja akauliza nani anajua Kijapani. Mimi, kwa hamu ya kutoka kwenye sinki, nikanyoosha mkono.

Bibi mmoja wa Kijapani akaniuliza kitu. Sikuambulia hata neno. Nikafumba macho, nikamwimbia kiitikio kitamu kuliko vyote. Nilipofumbua, mkahawa mzima unanitazama, meneja kasimama nyuma yangu.

"Ya Rabi, nisitiri," nikanong'ona.

"Mwanangu," akajibu yule bibi kwa Kiswahili, "nimefundisha Unguja miaka sita. Wewe umenisihi nisikuache mvuani. Mimi nimeuliza choo kiko wapi."