Dua Isiyotafsiriwa

Kuna mtu mahali fulani duniani aliyenishauri nitembelee Isiolo. Alinishauri kwa adabu kabisa, simlaumu. Aliandika kwamba makala yangu ina ari, lakini inaonekana mwandishi amekaa mbali mno na eneo analoliandikia, na pengine angefaidika akiishi huko miezi kadhaa ili azoee watu na desturi zao.

Nilikuwa nimeketi barazani pa nyumba nilimozaliwa, Isiolo mjini, kompyuta mapajani, na mbuzi wa jirani wameingia tena uani kutafuna leso za mama kwenye kamba. Nilicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Nikamweleza. Yeye hakucheka. Alifukuza mbuzi kwanza, kisha akauliza huyo mtu amesema nini juu ya baba yangu.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake tangu siku nilipomwambia nataka kuandika. Mambo ya diplomasia, historia, majarida ya ng'ambo, hayo yote kwake yalikuwa kelele. Alitaka kujua jambo moja tu: kama mumewe atatoka humo akiwa bubu au akiwa mtu.

Nieleze. Marehemu baba yangu alikuwa mkalimani. Alizaliwa katika hizi familia zetu ambazo babu zao waliletwa hapa na jeshi la mkoloni wakabaki, na alikua akisikia lugha nne kabla hajaanza shule. Wakati mimi sijazaliwa, maafisa wa serikali mbili walikutana hapa Isiolo kuzungumzia visima vya mpakani, kwa sababu wafugaji wa huku na wa kule walikuwa wanauana kwa ajili ya maji. Wazee wa pande zote waliletwa. Maafisa walikaa upande mmoja wa hema na mafaili yao, wazee upande wa pili na bakora zao, na baba katikati. Mama, bibi harusi wa juzi tu, alikuwa miongoni mwa wanawake waliopeleka chai.

Walibishana sana. Mwishowe mzee mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka akafungua viganja na kuanza dua. Sasa, mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa hapo. Mzee akishaanza dua, mazungumzo yamefika mwisho, na masharti yanatiwa ndani ya dua yenyewe: Mungu awape maji wa huku na wa kule, wanywe kwa zamu, atakayeziba kisima maji yamkaukie. Kila sharti watu wanaitikia amin, na aliyeitikia amejifunga. Hakuna sahihi nzito kuliko hiyo. Na hakuna mtu anayeongea dua ikiendelea, hata awe analipwa kuongea. Baba alifungua viganja vyake kama wengine.

Afisa mmoja akauliza, "Anasema nini?" Baba kimya. Akauliza tena. Kimya. Dua ilipokwisha, wazee wakashika bakora wakaenda zao, maana shauri limekwisha. Maafisa wakaona watu wamesusia mkutano. Kumbukumbu rasmi zikaandikwa kwamba hakuna makubaliano yaliyofikiwa na kwamba mkalimani alikataa kutafsiri katika dakika za mwisho. Baba alieleza. Nani alimsikiza? Alifutwa kazi, na mjini wakampa jina: Bubu. Nyumba yetu ikawa kwa Bubu. Mimi, ambaye naongea kama redio ya kinyozi, nimemaliza shule nikiitwa binti wa Bubu.

Lakini visima vile vilinywewa kwa zamu. Miaka na miaka. Hakuna karatasi iliyowaamuru, hakuna askari aliyesimama pale. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya makala yangu, na nilijua ni hoja yenye mifupa: kwamba historia ya diplomasia imehesabu mkutano ule miongoni mwa iliyoshindwa kwa sababu imezoea kutafuta makubaliano penye wino. Mimi nafundisha historia chuoni, nimesoma mafaili hayo mpaka nikapata mafua ya vumbi, na nilikuwa na haki ya kusema nilichosema.

Majarida ya kitaaluma yana mtindo wake. Unatuma makala bila jina lako, mhariri anaipeleka kwa wahakiki wawili ambao nao hawana majina, halafu mnatukanana kwa heshima kila mtu akiwa amejifunika shuka. Mhakiki wa kwanza alinipenda. Wa pili ndiye huyo wa kunituma Isiolo. Alisema nyaraka ziko wazi, mkalimani alikataa kazi, na mwandishi hana cha kupinga ila masimulizi ya shahidi mmoja asiyetajwa jina. Sehemu yote ya mkalimani iondolewe.

Mkuu wa idara yetu, Mmeru mpole anayependa mambo yaishe bila kelele, alinishauri vivyo hivyo. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema makala ni nzuri hata bila huyo mkalimani. "Mwalimu, mtoe tu, uchapishwe, upumue." Nilimjibu kavu kavu kwamba huyo mkalimani ndiye makala. Akashusha pumzi, akaniambia basi nijitayarishe.

Nilimwandikia mhariri jibu. La kwanza nililifuta, maana nilikuwa nimepandwa na mori na lilianza na maneno "Kwanza kabisa". La pili lilikuwa la mtu mzima. Nilieleza dua ni nini, amin ni nini, na kwa nini mkalimani mwenye akili zake hawezi kuipigia kelele. Mhariri, mwanamke mwenye subira, alirudisha masharti mawili. Nitangaze kama nina uhusiano wowote na watu waliomo kwenye makala. Na nilete shahidi wa pili.

La kwanza halikunikosesha usingizi. Niliandika tanbihi: mwandishi ni binti wa mkalimani, na shahidi wa kwanza ni mjane wake. Wenzangu chuoni walishika vichwa. Ati nimejichongea mwenyewe, kila msomaji atasema huyu anamsafisha babake. Waseme. Kwani uongo? Namsafisha babangu, kwa ushahidi, mchana kweupe. Mtoto wa afisa aliyeandika zile kumbukumbu angekuwa mwanahistoria, nani angemuuliza?

La pili ndilo lilikuwa kazi. Bila shahidi wa pili makala isingechapishwa ikiwa na baba ndani, na mama alikuwa anazeeka. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia wanataka mtu mwingine aliyekuwa hemani, na wazee wote tumeshawazika.

"Kaka yangu alikuwepo," akasema, kama mtu anayekutajia bei ya sukari.

Abti yangu, mjomba ambaye kila Idi anakula kwetu, ambaye amenibeba mabegani! Nikauliza kwa nini hajawahi kuniambia. Akasema yeye mwenyewe hajawahi kulizungumza, na mama hakutaka kumchokoza kaka yake mkubwa. Alipomaliza kusema hayo alirudia mchele uleule aliokuwa amekwisha kuuchambua.

Abti anaishi Garbatulla. Alistaafu kutoka biashara ya malori, akarudi kwa ngamia wake. Nilipata lifti kwa mnunuzi wa mbuzi, na ile barabara ilinitikisa mpaka nikasahau maswali niliyoyapanga. Abti alifurahi kuniona. Aliagiza chai ya maziwa ya ngamia, akauliza habari ya kila mtu aliye hai Isiolo, akanieleza ngamia gani kazaa na gani kagoma. Nikitaja mkutano, yeye anataja mvua. Nikitaja hema, anakumbuka wakati wa swala umekaribia. Alienda kuswali, akarudi, akaanza upya habari za ngamia.

Mimi nina mdomo, lakini siku hiyo niliamua kuukalia. Niliweka simu mkekani katikati yetu, nikamwonyesha kwamba inarekodi, nikanyamaza. Nadhani hilo ndilo lililomshinda.

"Abti," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno hilohilo. "Mimi niliitikia amin. Zote. Nilikuwa nimekaa nyuma ya babako."

Nikadhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshapata shahidi wangu, kazi kwisha. Kumbe alikuwa ndiyo anaanza. Alisema baada ya baba kulaumiwa, ofisi iliwaita watu wachache waliokuwa hemani, mmoja mmoja, kuuliza kama ni kweli yaliafikiwa mambo ndani ya dua. Baba ndiye aliyewapa majina. Jina la kwanza alilotoa lilikuwa la shemeji yake.

"Walikuwa wametoka tu kunipa kazi ya kubeba mizigo ya serikali," abti akasema. "Lori lenyewe ndiyo kwanza nimelinunua. Wakaniuliza. Nikasema sikusikia makubaliano yoyote."

Sitaficha, nilimchukia. Kwa dakika kadhaa pale mkekani nilimchukia kabisa huyu mzee aliyenilisha tende utotoni. Alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa ncha ya kikoi, na mimi nilimwacha alie. Kisha nikamuuliza swali la kikazi, maana bila hilo ningesema mengine: ananiruhusu niyaandike yote, pamoja na jibu alilowapa ofisini? Akasema niandike, na jina lake niliweke, nisimfiche kama nilivyomficha mama.

Niliandika. Niliweka amin yake na niliweka uongo wake, aya moja, bila kutia chumvi. Na hapo makala ikasimama wima kuliko nilivyowahi kuota, maana sasa ilionekana wazi ni kwa nini nyaraka zilisema zilivyosema: walioulizwa walikuwa na cha kupoteza. Mhakiki wa pili aliandika sentensi mbili tu. Alisema ameridhika, na kwamba anafuta pendekezo lake la awali kuhusu safari. Nilimpenda hapohapo, simfichi mtu.

Makala ilitoka. Mkuu wa idara aliichapa akaibandika kwenye ubao wa matangazo, juu ya ratiba ya mitihani, akawaita hata makarani waje waione. Nilitembea pale chuoni kifua mbele wiki nzima na sikuona haya. Baba yangu alikuwa ameingia katika historia ya diplomasia akiwa mkalimani aliyejua wakati wa kunyamaza, na yeyote anayetaka kubisha sasa lazima anitaje kwanza.

Mama hasomi Kiingereza. Alitaka nimsomee kwa Kiswahili, nikitafsiri polepole, na alitaka kaka yake awepo. Abti alikuja kutoka Garbatulla na kibuyu cha maziwa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango badala ya pale anapokaa siku zote. Nilianza. Mama alisikiliza habari za mpaka, za visima, za hema. Nilipofika kwa baba alifumba macho, na niliposoma kwamba hakukataa kazi, alitikisa kichwa taratibu kukubali, mara nyingi, mpaka nikangoja amalize.

Kisha nikafika kwenye aya ya abti. Nilisita, naye akaona. Akaniinulia mkono nisiendelee. Akasema hilo atalisema mwenyewe.

"Walaal," akamwita dadake, "waliniuliza. Mumeo ndiye aliyenitaja. Nikasema sikusikia."

Niliogopa. Nilidhani mama atapiga kelele, au atainuka aende chumbani. Alifumbua macho tu, akamtazama kaka yake, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayoitumia kuuliza kama mtu ameongezwa wali.

"Alikuwa anakuja Garbatulla kwako kila kiangazi. Mlikuwa mnakula sahani moja. Kila akirudi namuuliza, kaka hajasema kitu? Ananiambia bado, mwache, atasema." Akaweka kikombe chake chini. "Ungemwambia yeye."

Nilikuwa na makala nzima mkononi, na mtu aliyeingoja alikuwa kaburini. Mama alijifuta uso kwa ushungi. Akamsogezea kaka yake chai iliyokuwa inapoa, kisha akaniambia niendelee, nisome mpaka mwisho, nisiruke kitu.