Picha za Mshtarii na Mlango wa Mjomba

Mwanangu, nianze na upumbavu wenyewe ili usije ukaniona mtu wa maana: siku moja niligonga mlango wa mjomba wangu kwa ngumi, nikapaza sauti ya askari, "Kingura! Indangamuntu!" Yaani fungua, lete kitambulisho. Ulikuwa utani. Nakuita mwanangu ingawa bado navaa kaptura ya shule. Jambo lile limenizeesha kabla ya ndevu.

Mjomba Saidi, mdogo wake Mama, alikuwa na studio ya picha hapa mtaani kwetu Biryogo: pazia la bluu, kiti, na nyuma chumba kisicho na dirisha alimosafishia filamu. Vita vilipoanza askari walimchukua pamoja na wengine wengi, bila kumwambia kosa. Alirudi amekonda, hasemi. Ukiangusha sufuria, anasimama wima.

Kilichomrudisha kwetu ni darubini. Mwalimu mmoja mgeni, alipokimbilia kwao, alimwachia lile bomba jeupe. Kila jioni ya kiangazi, kabla watu hawajajifungia ndani, Mjomba aliisimamisha uani, akaielekeza kwa sayari ya Mshtarii na kufunga kamera nyuma yake. Jirani akachungulia. "Hii kitu iko redio ya kuongea na adui?"

"Ni ya kuongea na Mungu," Mama akamjibu. "Una ujumbe?"

Mjomba alinieleza kazi ilivyo. Hewa ya juu inatikisika, kwa hiyo picha nyingi zinatoka kama uji. Unapiga filamu nzima, unaisafisha, unachagua hasi, yaani vile vipande vya filamu, zilizotulia, unazipanga moja juu ya nyingine kwenye mashine ya kukuzia, na ile mistari ya sayari inaanza kujitokeza.

"Nitaitundika dirishani, pale ilipo picha ya bibi harusi," alisema.

"Wateja watasema umeoa chungwa, Mjomba."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Hakuwa amecheka tangu arudi. Nikajiona daktari, nikaamua kuongeza dozi.

Jumamosi mchana aliingia kile chumba cha nyuma na filamu yake ya Mshtarii. Filamu mbichi haivumilii hata taa nyekundu. Unaitoa kwenye mkebe wake kwa kupapasa gizani, unaizungusha ndani ya tangi, unafunga kifuniko. Nilijua yote hayo. Nilijua pia kwamba nikimwiga mkuu wa shule darasa zima linasimama, na sauti ya askari ni rahisi zaidi. Nikagonga, nikitegemea atanijibu, "Toka hapa, mjinga wewe!"

Mlango ulifunguka papo hapo. Mjomba alitoka mikono juu. Mkono mmoja ulishika kitambulisho; kwenye mwingine filamu ilining'inia mpaka sakafuni, na jua la uani liliimulika yote. Mimi nilikuwa bado natabasamu, Mungu anisamehe.

"Ni mimi, Mjomba."

Hakushusha mikono. Alitazama nyuma yangu, huku na huku, akiwatafuta wenzangu wenye bunduki. Alipohakikisha hawapo, alirudi ndani na kujifungia. Jioni Mshtarii alikuwa juu ya paa la msikiti, anang'aa vilevile. Darubini haikutolewa.

Kwa hiyo, mwanangu, utani wako usiupime kwa utamu wake mdomoni mwako. Mjue kwanza anayekusikiliza, na alikotoka. Kuna sauti ambazo hazichezewi, kwa sababu ziliwahi kuja kweli, zikaondoka na mtu. Na ukishamuumiza mtu, usikae mbali ukingoja yeye ndiye aje akutulize. Mungu akupe ulimi mwepesi na moyo usio mwepesi hivyo, na akuepushe na wale wanaogonga bila utani.

Maonyo haya si ya kwangu, ni ya Mama. Jioni ile nilikwenda kwake nikijitetea kwamba ni filamu tu, nitamtafutia nyingine. Alisimamisha cherehani, akasema:

"Filamu ziko madukani. Nenda kamgongee tena, polepole, na useme jina lako kabla hujagusa mlango. Asipofungua, kaa palepale mpaka azoee kwamba ni wewe."