Mkaguzi Kwenye Ngazi ya Mzee Stolz

Leland Kucera alisomea uhasibu kwa sababu ya woga wa kupanda juu, wala hakumficha mtu. Baba yake alikuwa fundi wa mapaa huko Wahoo, Nebraska. Alipompandisha mwanawe paani kwa mara ya kwanza, ilibidi amshushe amembeba mgongoni huku mtoto analia. Basi Leland akachagua vitabu vya hesabu na kiti. Miaka minne chuoni, hakuna mwalimu aliyemtajia ngazi.

Kumbe ameruka mkojo, amekanyaga mavi. Siku ya mwisho ya mwaka wake wa kwanza kazini, ofisi ilimtuma kukagua maghala manne ya mzee Orville Stolz, anayewatunzia wakulima mahindi yao. Vitabu vilisema yote yamejaa. Mkaguzi sharti apande juu ya kila ghala, afunue kifuniko cha paani, ateremshe utepe wa kupimia aone mahindi yamefika wapi.

"Kijana, mbona unaitazama ngazi kama nyoka?" mzee alimtania, akiegemeza ngazi ya futi thelathini kwenye bati lenye barafu. "Mwenzako wa mwaka jana aliniuliza tu, akaandika, tukaenda zetu kunywa kahawa. Mke wangu ameoka."

Leland akampigia simu mkubwa wake, Marlys.

"Bosi, siwezi kuandika alivyosema mwenyewe?"

"Sahihi yako inasema umeona. Mahindi ni ya watu, Leland. Ukiona huwezi, rudi, ila kazi hii basi tena."

Akapanda. Aliogopa kwelikweli, jasho lilimtoka kwenye baridi ile, na kila kidato alikishika kwa mikono miwili. Chini, Orville alikuwa ameishika ngazi huku akipiga mluzi.

Juu akafunua kifuniko, akateremsha utepe, akangoja ugote mahindi. Utepe ukaisha wote mkononi, ncha yake inaning'inia. Akachungulia. Mwanga wa mchana ulimwonyesha sakafu ya saruji na punje chache pembeni.

Mluzi ulikuwa umekoma. Leland akatazama chini. Uwanjani hapakuwa na mtu mwingine, na mzee alikuwa amemkazia macho, mikono yote miwili kwenye ngazi.

"Umeona nini huko, Leland?"

Akatoa simu. Akapiga picha ya ile sakafu, akamtumia Marlys, akangoja mpaka alipoona imefika. Ndipo akajibu.

"Yamejaa, mzee. Shika vizuri, nashuka."